Hotuba juu ya Mnyauko wa Migomba na Namna ya Kuzitambua Mbari Zake

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya baraza la wazee, walimu na wakulima wa migomba. Twaichapa hapa ili nao wasioweza kuhudhuria wapate kuisoma na kuwasomea wengine.)



Tumeombwa kusema nanyi leo juu ya ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko fuzari, ambao watu wengi duniani huuita ugonjwa wa Panama. Twajua ya kuwa kwenu mgomba si mti wa pembeni. Ni chakula cha jioni, ni kivuli cha kahawa, na mkungu mmoja ukiuzwa sokoni hutoa chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Kwa hiyo hatukuja kuwatia hofu, bali kuwaeleza neno moja ambalo likifahamika vema laweza kuokoa mashamba mengi. Neno lenyewe ni hili: kuujua ugonjwa ni kazi ya macho, bali kuijua mbari ya ugonjwa si kazi ya macho.

Mtu aweza kusimama mbele ya mgomba unaokufa akasema, "Huu ni mnyauko fuzari," wala asikosee. Walakini akiongeza kusema, "Ni ule ule tuliouzoea tangu zamani, hauna neno," hapo amesema asilolijua, na neno lake laweza kuwagharimu watu wa tarafa nzima. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu hayasemi kama mvua itakuwa ya kulea mimea au ya kubomoa nyumba.

ASILI YA UGONJWA

Habari ya kwanza ya ugonjwa huu iliyoandikwa ilitoka Australia mwaka 1876. Tabibu mmoja jina lake Joseph Bancroft aliiona migomba ikinyauka mahali paitwapo Eagle Farm, karibu na mji wa Brisbane, akaeleza aliyoyaona. Baadaye, kuanzia miaka ya 1890, ugonjwa ulizuka katika mashamba makubwa ya Panama na Costa Rica, na kutoka huko ukapata jina lake. Mwaka 1910 mtaalamu wa Marekani, Erwin F. Smith, akiwa amechunguza migomba iliyotoka Kuba, alionyesha kuvu iletayo maradhi, akaipa jina linalotaja nchi ile.

Kuvu, ndugu zetu, ni jamaa moja na ukungu mnaouona juu ya mkate uliokaa au mahindi yaliyopata unyevu. Hii ya migomba hukaa udongoni. Huingia kwa mizizi midogo, hupanda ndani ya mishipa ambayo kwayo maji hupita kutoka chini kwenda kwenye majani, ikaiziba. Hivyo mgomba hufa kwa kiu, ingawa miguu yake i katika udongo wenye maji. Na mgomba ukiisha kufa, kuvu haifi pamoja nao. Hutengeneza mbegu ndogo mno zenye ganda gumu, zisizoonekana kwa macho, nazo zaweza kulala udongoni miaka 20 na zaidi zikingojea mgomba mwingine. Mtoto aliyezaliwa mwaka shamba lilipougua aweza kukua, akaoa na kujenga, na adui bado yungali chini ya ardhi.

Hapana dawa ya kunyunyiza wala ya kumwaga shimoni iwezayo kuuponya mgomba ulioshikwa. Mtu akiwauzia dawa ya namna hiyo, wekeni fedha zenu.

KWA NINI UGONJWA MMOJA WAWEZA KUMALIZA MASHAMBA YA DUNIA

Ninyi mwajua kuliko sisi ya kuwa migomba ya kula haipandwi kwa mbegu. Twachukua chipukizi kwa mama yake na kulipanda mahali pengine. Kwa hiyo migomba ya jina moja, hata ikiwa milioni, ni kana kwamba ni mwili mmoja uliokatwa vipande na kutawanywa. Iuayo mmoja huiua yote.

Jambo hili lilionekana kwa ndizi iitwayo Gros Michel, ambayo katika Uganda hujulikana kwa jina la Bogoya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ndiyo iliyokuwa ndizi ya biashara ya dunia, ikipakiwa merikebuni kutoka Amerika ya Kati kwenda Marekani na Ulaya. Kuvu ilipoingia, wenye mashamba waliacha ardhi iliyougua wakafyeka misitu na kupanda tena, na ugonjwa ukawafuata, maana machipukizi waliyoyabeba na matope ya vyombo vyao yalikuwa yameubeba. Ilipofika miaka ya 1960 biashara ya Gros Michel ilikuwa imekwisha, na mahali pake ikawekwa ndizi nyingine, Cavendish, isiyoshikwa na kuvu ile. Cavendish ndizo zile ndizi ndefu za kuliwa mbivu zinazouzwa katika maduka ya ng'ambo, na leo ni karibu nusu ya ndizi zote zinazolimwa duniani.

Watu walidhani vita vimekwisha. Lakini katika kisiwa cha Taiwan mwaka 1967 ikaonekana migomba ya Cavendish ikinyauka kwa dalili zile zile walizozijua tangu zamani. Sura ya ugonjwa haikubadilika. Kilichobadilika ni mbari yake.

MBARI ZA KUVU

Wataalamu huzigawa kuvu hizi kwa mbari, kwa kutazama ni migomba gani ziwezayo kuiua.

Mbari ya kwanza huua Gros Michel, na kisukari cha namna ile iitwayo Sukali Ndizi katika Uganda, na Kayinja ambayo watu hutengenezea pombe. Migomba ya Mchare, ambayo watu wa Kilimanjaro na Arusha huipenda sana kwa kupika, nayo hushikwa. Migomba ya matoke ya nyanda za juu kwa kawaida huishinda mbari hii, na Cavendish vile vile huishinda. Mbari hii imekwisha kuingia Afrika Mashariki tangu zamani, na wengi wenu mmeiona.

Mbari ya pili hupenda migomba ya kupika ya jamaa ya Bluggoe, yenye ndizi nene za pembe.

Ile iliyoitwa ya tatu ilionekana katika mimea ya heliconia, ambayo ni jamaa ya mbali ya mgomba, wala leo haihesabiwi tena miongoni mwa maadui wa migomba.

Mbari ya nne ndiyo iuayo Cavendish, nayo huua pia migomba iuawayo na mbari ya kwanza na ya pili. Nayo ina matawi mawili. Tawi moja huishika Cavendish katika nchi zenye majira ya baridi, kama Afrika Kusini na visiwa vya Kanari, mgomba ukiisha kudhoofishwa na baridi. Tawi la pili halingoji baridi wala udhaifu. Huua katika joto, na huua mgomba wenye afya njema. Hili huitwa mbari ya nne ya tropiki, nalo ndilo linalotushughulisha leo.

Sikilizeni jinsi lilivyosafiri. Katika miaka ya 1990 liliharibu mashamba makubwa ya Cavendish katika Malaysia na Indonesia. Mwaka 1997 lilionekana karibu na Darwin, kaskazini mwa Australia. Mwaka 2013 ilitangazwa ya kuwa limefika Yordani, na mwaka ule ule likaonekana Msumbiji, katika shamba kubwa la biashara lililoko jimbo la Nampula. Mwaka 2019 lilionekana Kolombia, katika jimbo la La Guajira, na serikali ya huko ikatangaza hali ya dharura. Mwaka ule ule wa 2019 likaonekana katika kisiwa cha Mayotte, ambacho wenyeji hukiita Maore. Mwaka 2021 likafika Peru.

Twaomba mtazame majina mawili katika orodha hii, Nampula na Maore. Kati ya Nampula na mto Ruvuma, ambao ni mpaka wa Tanzania, kuna Cabo Delgado tu. Na kutoka Maore hata pwani yetu ni njia ambayo vyombo vimeipita tangu zama za mababu. Hii si habari ya ng'ambo tena.

KAZI YA KWANZA: JE, NI MNYAUKO FUZARI?

Hukumu ya ugonjwa huenda kama hukumu ya baraza. Kwanza hutazamwa dalili, kisha huulizwa mashahidi, na mwisho huamua hakimu.

Tuanze na dalili. Mgomba wenye mnyauko fuzari huanza kugeuka manjano katika majani ya chini yaliyo makuukuu, nao umanjano huanza ukingoni mwa jani ukaingia kati. Kisha jani hukatika shingoni, likaning'inia kando ya gogo, moja baada ya jingine, hata mgomba ukaonekana kama umevaa sketi ya majani makavu. Mara nyingi jani changa la katikati hubaki limesimama wima, bichi, siku kadhaa baada ya mengine kulala. Gogo huweza kupasuka upande wa chini, karibu na ardhi. Mkikata gogo kwa kulikingama, mtaona vidoa na duara za rangi ya kahawia yenye wekundu. Mkilipasua kwa urefu, mtaona nyuzi za rangi hiyo zikipanda kutoka katika tunguu.

Sasa, jihadharini msiuchanganye na mnyauko bakteria, ambao watu wa Kagera huuita unyanjano. Ugonjwa huo ulionekana Uganda mwaka 2001 na Kagera mwaka 2006, nao umewatia wengi hasara. Tofauti zake ni hizi. Katika mnyauko bakteria majani hata machanga huweza kunyauka, ua la dume hukauka, ndizi huiva kabla ya wakati bila mpango, na ukiikata ndizi hukuta nyama yake imepata rangi ya kutu. Gogo likikatwa hutoa usaha wa manjano baada ya kitambo kidogo. Katika mnyauko fuzari nyama ya ndizi haina rangi hiyo, wala hapana usaha.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto tofauti hii kwa bilauri ya maji safi. Kata kipande kidogo cha gogo penye mishipa yenye rangi, ukining'inize ndani ya maji, kisha utulie. Ikiwa ni bakteria, mara utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka penye mkato. Ikiwa ni fuzari, maji hubaki maangavu. Jaribio hili lifanyiwe ndani ya shamba lile lile lenye ugonjwa, wala kipande kisipelekwe shuleni. Likiisha, bilauri na kisu vioshwe kwa dawa ya jiki, na maji na kipande vimwagwe pale pale.

Yafaa pia kukumbuka ya kuwa jua kali na fukusi watobao tunguu huweza kuufanya mgomba kuwa manjano. Lakini ukata gogo la mgomba wa namna hiyo, hukuti nyuzi za kahawia yenye wekundu zilizopanda juu. Kwa hiyo msihukumu kwa majani peke yake, kateni mtazame ndani.

KAZI YA PILI: MASHAHIDI WASEMAJE?

Mkiisha kuhakikisha ya kuwa ni mnyauko fuzari, macho yenu yamefika mwisho wa kazi yake. Nyuzi za kahawia za mbari ya kwanza na nyuzi za kahawia za mbari ya nne zafanana kama maji na maji. Hapo yapasa kuwauliza mashahidi, na mashahidi ni migomba yenyewe. Ulizeni maneno mawili: ni mgomba gani uliokufa, na ni mgomba gani uliosalimika karibu yake?

Tufanye mfano. Tuseme mzee mmoja ana shamba la mchanganyiko. Kisukari chake kumi kimenyauka, na katikati yake iko migomba ya matoke na ya Cavendish, yote imesimama na kuzaa vema mwaka wa pili. Ushahidi huu waelekea mbari ya kwanza. Sasa tuseme kwa jirani yake kisukari kimekufa, na Cavendish iliyo kando yake nayo yaanza kuvaa sketi ya majani makavu. Hapo yapasa kila mtu astuke. Cavendish kunyauka kwa fuzari katika nchi ya joto ni kengele, na mwenye shamba asingoje mgomba wa pili wala wa tatu.

Walakini mashahidi nao wana upungufu wao. Shahidi wa kwanza aweza kukosekana. Katika shamba lenye kisukari peke yake, mbari ya kwanza na mbari ya nne zitaua kisukari sawasawa, wala hapana mgomba mwingine wa kutoa ushahidi. Pili, shahidi aweza kudanganya. Cavendish iliyodhoofika kwa maji yaliyotuama au kwa baridi ya mlimani imewahi kushikwa na mbari isiyo ya tropiki. Tatu, mgomba uliosimama huenda umekwisha kushikwa ila haujaonyesha, maana tangu kuvu kuingia mizizini hata majani kugeuka hupita miezi. Na nne, majina ya migomba hubadilika toka wilaya hata wilaya, hata neno "kisukari" huenda likawa mgomba huu hapa na mgomba mwingine kule. Kwa hiyo mkipeleka habari, semeni jina la kwenu, kisha elezeni mgomba ulivyo: urefu wake, rangi ya gogo, na sura ya ndizi.

KAZI YA TATU: HAKIMU WA MAABARA

Hakimu ni maabara, yaani nyumba ya uchunguzi. Twapenda kuwaeleza yatendekayo humo, ili msidhani ni mizungu.

Kwanza wataalamu huchukua nyuzi chache zenye rangi kutoka katika gogo, huziweka katika sahani ya kioo yenye chakula laini, na kuvu humea kama ukungu mweupe wenye rangi ya zambarau kidogo. Hapo huitazama kwa darubini wajue kama kweli ni fuzari. Lakini hata darubini haiwezi kutenganisha mbari, maana zote zina sura moja.

Kwa hiyo hutumia njia ya kupima udugu, iliyoanza katika miaka ya 1980. Huchukua kuvu isiyojulikana wakaiweka katika sahani moja na kuvu ambayo jamaa yake yajulikana. Zikiwa za jamaa moja, nyuzi zake zikikutana hushikamana na kuota kwa nguvu, hata kukawa na mstari mnene mweupe kati yao. Zikiwa si ndugu, hukutana bila kushikamana. Jamaa za kuvu hii zilizotambuliwa kwa njia hiyo zapita 20, na mbari ya nne ya tropiki ni jamaa moja tu miongoni mwao, iliyopewa namba 01213/16. Njia hii ni ya kuaminiwa, ila yataka majuma kadhaa.

Siku hizi iko njia ya upesi zaidi. Kila kiumbe kina maandishi ya urithi ndani ya mwili wake, na mbari ya nne ya tropiki ina maneno katika maandishi hayo ambayo mbari nyingine hazina. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kipimo kinachoyatafuta maneno hayo na kuyazidisha hata yaonekane. Kwa njia hiyo jibu hupatikana kwa siku chache. Hata hivyo maabara nzuri haitosheki na jibu moja. Hurudia kipimo, na mara nyingi hulinganisha na njia ya kupima udugu kabla ya kutangaza, kwa sababu tangazo la uongo nalo huharibu mashamba na soko.

KWA NINI HUKUMU HII NI NZITO

Mtu mmoja aliwahi kutuuliza, "Ikiwa hapana dawa, na mgomba utakufa tu, kuna faida gani kujua mbari?" Swali lake ni la haki, nasi twalijibu hivi.

Ikiwa ni mbari ya kwanza, mkulima hushauriwa aache kupanda kisukari au Mchare mahali pale, apande matoke au Cavendish, na maisha huendelea. Lakini shauri hilo hilo, likitolewa mahali penye mbari ya nne ya tropiki, ni sawa na kuleta kuni penye moto. Mkulima atatumia fedha yake kununua miche ya Cavendish, ataipanda katika udongo wenye kuvu, nayo itakufa na kuzidisha mbegu za ugonjwa. Huku wakati wote huo watu watakuwa wakipita shambani, wakibeba matope miguuni kwenda kwao. Shauri la mbari hii ni jingine kabisa: kuliziba shamba, kuzuia kitu chochote kisitoke, na kuwaarifu majirani wote.

Tazameni mifano miwili. Katika bonde la Yordani, Cavendish zilianza kunyauka mwaka 2006, na jina la mbari likatangazwa mwaka 2013. Katika miaka hiyo mashamba mengi ya bonde lile yaliendelea kushikwa. Mfano wa pili ni bonde la Tully katika Queensland, nchi ya Australia. Mwaka 2015 mgomba uliotiliwa shaka ulipimwa mapema, shamba likafungwa, na mwaka 2016 chama cha wakulima wa ndizi kikalinunua shamba lile zima ili lisilimwe tena. Ugonjwa haukutoweka, lakini miaka mingi baadaye ulikuwa bado katika mashamba machache ya bonde lile lile, na wakulima wa mahali pengine wakaendelea kuuza ndizi zao. Waliopata nafuu ni wale walioijua mbari mapema.

YAPASA KUTENDA NINI

Sasa, ndugu zetu, twawapa maagizo machache.

Mkiona dalili tulizozieleza, msing'oe mgomba wala msiukokote kwenda kuutupa mtoni. Kuukokota ni kuipanda kuvu njiani, na maji ya mto huipeleka kwa watu wa chini. Uzungushieni kamba, watu na mifugo wasipite, kisha mpelekeeni habari bwana shamba.

Msikate kipande na kukichukua mkononi kwenda mjini. Sampuli ichukuliwe na mtu aliyefundishwa, kutoka katika gogo penye nyuzi zenye rangi, ikaushwe ndani ya karatasi safi. Isifungwe katika mfuko wa nailoni, kwa kuwa humo huoza na hakimu hukosa la kusema. Katika Tanzania kazi hii i chini ya mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, iliyoko Arusha, na wataalamu wa migomba wako katika kituo cha utafiti cha Maruku, Kagera. Katika Kenya ni KEPHIS, na katika Uganda ni kituo cha Kawanda.

Mkingoja jibu, chipukizi lolote lisitoke shambani. Hili ndilo gumu kuliko yote, twajua. Desturi yetu ni kupeana machipukizi kwa ndugu, kwa mkwe, kwa jirani mgeni, na kumnyima mtu chipukizi huonekana uchoyo. Lakini chipukizi lenye afya machoni laweza kuwa limebeba kuvu ndani. Semeni tu, "Ngoja tupate jibu," wala hamtakuwa mmemnyima bali mmemlinda. Mkitaka miche mipya, ipateni kwa wanaoizalisha katika chupa za maabara, ambayo haina udongo wala maradhi.

Panga, jembe na viatu visafishwe matope kwanza kwa brashi na maji, ndipo vipakwe dawa. Dawa juu ya matope haifanyi kazi. Na msafiri atokaye nchi yenye ugonjwa aache viatu vyake vya shambani huko huko.

Ninyi machifu, habari ikiwafikia msimkaripie mwenye shamba. Akiadhibiwa aliyesema, kesho mwenzake ataficha, na ugonjwa uliofichwa ndio ushindao. Na ninyi walimu, wafundisheni watoto kukata gogo na kutazama ndani, maana macho ya watoto hupita mashambani kila siku kuliko macho ya wataalamu.

Hatuwezi kumaliza bila neno la tumaini. Katika Taiwan wamechagua aina ya Cavendish iitwayo Formosana, ambayo huivumilia mbari ya nne kuliko nyingine. Mwaka 2024 Australia ilitoa ruhusa ya Cavendish iliyotiwa urithi wa mgomba wa mwituni usioshikwa na ugonjwa. Kazi yaendelea. Lakini mgomba mpya wa kuivumilia kuvu huchukua miaka mingi kupatikana, na mkulima mmoja aweza kuieneza kuvu kwa chipukizi moja katika alasiri moja.

Basi, mtu akiwauliza mlisikia nini katika baraza hili, mwambieni hivi: tazama ndani ya gogo, uliza ni mgomba gani uliokufa na upi uliosalimika, mwache hakimu wa maabara atoe jina, na mpaka atakapolitoa, lisitoke shambani chipukizi wala tope.